Wanga kidogo ukiwa njiani: kwa mama lishe, kwenye vituo vya mabasi na kwenye harusi

SWALI: Dada, salaam. Nina miaka 46, na mwaka jana niligundulika kuwa na kisukari aina ya pili. Natumia metfomini na glibenklamidi. Nyumbani mke wangu amenisaidia sana kupunguza wanga, na sukari ya asubuhi inasoma kati ya 6 na 7. Tatizo ni kazi yangu. Nasambaza vipuri vya magari, naendesha mwenyewe kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, Singida mpaka Mwanza, na chakula changu ni cha mama lishe na vituo vya njiani. Nikirudi nyumbani nakuta 11, wakati mwingine 12. Jumamosi nikiwepo mjini ni harusi na vikao vya harusi. Nifanyeje nisiharibu kazi ya nyumbani? Je, niache ugali kabisa nikiwa safarini?

JIBU: Kaka, ugali usiuache kabisa, na sababu ya kwanza ni hiyo glibenklamidi. Naomba tuanze na dawa kabla ya sahani, kwa kuwa wewe ni dereva.

Glibenklamidi hulisukuma kongosho kutoa insulini, ile homoni inayoshusha sukari kwenye damu, uwe umekula wanga au hujala. Mtu akimeza kidonge asubuhi, kisha akapitisha mchana kwa mishkaki na kachumbari tu, insulini inakuwa kazini bila kitu cha kufanyia kazi, na sukari inaweza kushuka chini ya 3.9 (namba zote za sukari hapa ni za mmol/L). Utaanza kutokwa jasho jembamba, mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, njaa ya ghafla, halafu mawazo yanachanganyika. Hayo yakikukuta ukiwa nyuma ya usukani, hatari si yako peke yako. Metfomini ikiwa peke yake ni nadra kuleta shida hii, lakini wewe unazo mbili. Kwa hiyo kabla ya safari ijayo rudi kliniki, mwambie daktari wazi kwamba umepunguza wanga na unataka kuendelea hivyo hata njiani. Mara nyingi dozi ya glibenklamidi hupunguzwa, au dawa hubadilishwa. Usiikate mwenyewe. Na akikuhamishia kwenye dawa za kundi la dapagliflozini au empagliflozini, mkumbushe tena kuhusu wanga, kwa sababu dawa hizo zikikutana na ulaji wa wanga kidogo sana zinaweza kuleta tindikali hatari kwenye damu hata kama kipimo cha sukari kinasoma vizuri.

Kwenye gari weka kipimo chako na sukari ya mezani kwenye kikopo chenye mfuniko. Pima kabla ya kuwasha gari, na kama ni chini ya 5, kula kitu kwanza. Dalili zikianza, egesha gari pembeni, koroga vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji unywe, au kunywa nusu chupa ya soda ya kawaida, subiri dakika 15, upime tena. Ikishapanda, kula kitu kidogo chenye wanga, na usirudi barabarani mpaka zipite kama dakika 45 tangu sukari irudi sawa, kwani ubongo huchelewa kutulia kuliko kipimo. Hiyo ndiyo soda pekee ninayokuruhusu bila kujadiliana.

Sasa chakula. Watu wanaposema wanga kidogo, wengi wanamaanisha chini ya gramu 130 kwa siku. Wapo wanaoshuka mpaka gramu 20 au 50, ulaji unaoitwa keto. Kwa mtu anayeendesha siku nzima akiwa na dawa kama zako, huko sikupeleki. Lenga gramu 30 kwa kila mlo, milo mitatu, na zinazobaki ziwe za karanga, maziwa au tunda. Jambo linalosaidia zaidi ni kiasi kisichobadilika: mchana wa Dodoma ufanane na mchana wa Mwanza, ili daktari aweze kuipanga dawa na wewe uweze kuusoma mwili wako.

Njiani hutembei na mizani, kwa hiyo hesabu kwa matonge. Tonge moja la ugali la kawaida, unalolifinyanga na kulitengenezea shimo la mchuzi, lina wanga wa takriban gramu 10. Matonge matatu, umemaliza hesabu ya mlo. Wali unadanganya zaidi, maana haukatiki kwa matonge: gramu 100 za wali uliopikwa zina wanga wa gramu 28 hivi, na ile sahani ya mama lishe inayopakuliwa ikainuka katikati hufika gramu 300 kirahisi. Hapo umekula gramu 84 kabla ya maharage na kabla ya soda. Chapati moja ina kati ya gramu 30 na 45 kutegemea mkono wa aliyeisukuma, na sahani ya chipsi ya gramu 200 ina kama 70. Nadhani sasa unaona ile 11 inatoka wapi. Hukula vibaya kwa makusudi; sahani zetu za biashara zimejengwa juu ya wanga kwa sababu ndicho kitu cha bei nafuu kuliko vyote vilivyo kwenye masufuria yale.

Angalia jinsi mama lishe anavyopakua. Anaanza na wali au ugali, anaujaza katikati ya sahani. Kisha anamwagia mchuzi na vipande viwili vya nyama, na mwisho kijiko kimoja cha mchicha kinabanwa ukingoni. Ukianza kuongea wakati wali umeshakaa, umechelewa: sahani imejaa, na kumwambia apunguze anakuona unamrudishia chakula. Kwa hiyo ongea kabla hajainua upawa. Mimi nawafundisha wagonjwa wangu kuagiza kwa kuanzia na mboga: "Mama, naomba samaki mzima, mchicha unijazie nusu sahani, halafu ugali nikatie kipande kidogo tu. Bei nitakupa ya sahani nzima." Sentensi ya mwisho ndiyo ufunguo. Hapotezi chochote, tena ugali anaobakiza anamuuzia mwingine. Ukihitaji nyama zaidi, lipia kipande cha ziada. Mchicha, matembele na kabichi ni bei ndogo, usione haya kuomba sahani ya pili ya majani peke yake.

Wewe unapita njia ileile kila mara, na hiyo ni bahati ambayo wasafiri wengi hawana. Chagua mama lishe mmoja kila mji, uwe mteja wake, uchukue namba yake. Ukibakiza saa moja kufika, piga simu: "Mama, niwekee kuku wa kuchemsha na kabichi, viazi usiweke." Atakuwekea. Mteja anayepiga simu na akafika kweli hutunzwa kuliko mgeni anayefika ana haraka, na wewe unakuwa umeamua mlo wako kabla harufu ya chipsi haijakuamulia.

Kingine cha kubadilisha ni mwendo wa kula. Mwaka 2015 watafiti wa Weill Cornell, New York, walichapisha majaribio waliyofanya kwa watu 11 wenye kisukari aina ya pili wanaotumia metfomini. Chakula kilikuwa kilekile, ila siku moja walianza na wanga, siku nyingine wakaanza na mboga na nyama, wanga ukafuata baadaye. Walipomalizia na wanga, sukari ya baada ya saa moja ilikuwa chini kwa zaidi ya theluthi. Watu 11 ni wachache, lakini matokeo ya namna hii yameonekana pia kwenye majaribio mengine, na kuijaribu hakugharimu chochote. Kwetu ugumu ni kwamba tonge ndilo linalobeba mboga, hivyo mkono wako unaanza na ugali bila hata kufikiri. Omba kijiko au uma. Kula samaki na mchicha kwa uma mpaka ufike nusu, ndipo unawe na uyafuate matonge yako matatu. Utashangaa mara ngapi la tatu linakushinda.

Vipo vyakula vinavyoonekana havina hatia. Mtori ni ndizi, hata ukiitwa supu. Mchemsho wa kuku au samaki ni mlo mzuri sana, ila mara nyingi nusu ya bakuli ni viazi na ndizi. Waambie waondoe, waongeze kabichi, karoti na pilipili hoho. Makange ya hotelini huchanganywa tomato sosi yenye sukari, kwa hiyo uliza, na nyama ya kuchoma au ya kukaanga kavu ni salama zaidi. Kuku aliyevikwa unga kabla ya kukaangwa amevaa wanga mwilini. Soseji nazo huwa na unga ndani.

Na kuna jambo moja linaniumiza kila wiki kliniki. Watu wengi wenye kisukari wameambiwa kwamba ugali wa dona, ulezi, mihogo na viazi vitamu ni vyakula vya asili, basi wanakula bila kipimo. Dona lina nyuzinyuzi nyingi kuliko sembe, na mimi nalipendelea, lakini wanga wake unakaribiana na wa sembe. Muhogo wa kuchemsha una gramu 38 hivi kwa kila gramu 100, umeuzidi hata wali. Matonge matatu ni matatu, yawe ya dona au ya sembe. Maharage yana wanga pia, ila yana nyuzinyuzi na protini, na hayapandishi sukari kwa kasi hiyo. Siku ambayo mfuko haujakaa sawa, maharage nusu bakuli, dagaa, majani mengi na tonge moja au mawili ni mlo ninaouheshimu kabisa. Ulaji huu si lazima uwe wa nyama choma kila siku.

Asubuhi yako naikisia: supu na chapati mbili, ndipo unaondoka. Supu ibaki. Ya ng'ombe, ya mbuzi, ya kuku, ya makongoro, zote karibu hazina wanga. Chapati ziwe nusu moja, na nafasi yake ichukuliwe na mayai mawili ya kuchemsha na parachichi nusu, vitu ambavyo havikosekani stendi. Chumvi usiongeze mezani, supu inayo ya kutosha, na watu wengi wenye kisukari wana presha pia. Kama umewahi kuambiwa figo zako zina shida, wingi huu wa nyama uongee na daktari kwanza.

Vinywaji nitavipitia haraka. Soda ya chupa ndogo ina sukari ya karibu vijiko tisa vya chai. Juisi ya miwa au ya embe, hata ikikamuliwa mbele ya macho yako, ni sukari bila nyuzinyuzi zake. Chai ya maziwa ya vibandani mara nyingi huchemshwa na sukari humohumo, kwa hiyo omba ya rangi au kahawa chungu. Maji. Pombe, licha ya kwamba unaendesha, ikikutana na glibenklamidi inaweza kuishusha sukari usiku wa manane ukiwa umelala, na peke yako gesti hakuna wa kukuamsha.

Njia yako yenyewe ina vyakula vizuri kuliko unavyodhani. Chalinze na Msamvu gari likisimama utaona mayai ya kuchemsha, mishkaki na matango kando ya maandazi na mihogo. Chukua ya kwanza, uyaache ya pili. Dodoma omba mlenda. Wagogo wanaujua, na ule utelezi wake ni nyuzinyuzi zinazochelewesha sukari kuingia kwenye damu. Kwenye nyama choma, wahudumu hukuuliza, "Ndizi au ugali?" kama kwamba hakuna jibu la tatu. Jibu la tatu ni kachumbari sahani mbili. Singida una kuku wa kienyeji, na Mwanza una sato, sangara na dagaa wa ziwani. Sato wa kuchoma au wa kuchemsha na sahani ya majani, sijui mlo wa hotelini unaoushinda. Msimu wa senene ukiwakuta wamekaangwa, wale, ni protini na mafuta kwa sehemu kubwa. Ukikuta chipsi mayai tu usiku na kila kitu kimefungwa, muombe akukaangie mayai matatu na kitunguu na hoho bila chipsi, na mishkaki pembeni. Viazi kidogo tu kama umeshameza dawa ya jioni, ili usilale bila wanga kabisa.

Harusi zina ugumu wake, na mkubwa ni saa ya chakula. Kadi inasema saa moja, chakula kinatoka saa nne usiku. Kama umemeza glibenklamidi saa moja ukitegemea kula, upo kwenye hatari ile niliyoanza nayo. Na usipoimeza, utafika kwenye bufee ukiwa na njaa ya kula sahani mbili. Uliza kliniki saa ya kumeza siku za namna hiyo. Nyumbani, kabla ya kutoka, kula mlo mdogo kamili: yai au samaki, mboga, tonge lako moja au mawili. Ukumbini zunguka bufee yote bila sahani kwanza, uone mwisho wa meza kuna nini, maana wanga huwekwa mwanzoni na nyama mwishoni, na anayeanza kupakua mwanzoni hufika kwenye kuku hana pa kumuweka. Kama ni biriani, hapo umepewa urahisi: rojo na nyama vimetengwa na wali, chukua rojo la kutosha na wali vijiko viwili. Pilau ya sinia ni ngumu zaidi kwa kuwa mnakula pamoja na hakuna anayehesabu. Anza na nyama na kachumbari iliyo upande wako, kula polepole, na nawa mapema. Keki kipande kile kimoja cha kulishwa hakitakuangusha.

Ugenini, hasa ukweni, watu huogopa kuonekana wanadharau chakula. Sema mapema, kabla hakijapikwa kama unaweza, kwamba una sukari. Hakuna nyumba siku hizi isiyo na ndugu mwenye sukari, na mwenyeji akijua mapema atakutafutia samaki au mboga kwa furaha. Akijua baada ya kukupakulia, ndipo inakuwa aibu yenu wawili. Msifu mchuzi wake, omba kuongezewa mchuzi huo, na atasahau kuhesabu wali. Vikao vya harusi ni rahisi kuliko vyote: mishkaki, maji, karanga kiganja kimoja.

Zitakuwepo siku utakazokula wali wote. Ikitokea, usimeze kidonge cha ziada na usiruke mlo unaofuata, maana zote mbili zitakuletea sukari ya kushuka. Tembea dakika 15 baada ya kula, hata kuzunguka stendi. Misuli ikifanya kazi huichukua sukari kwenye damu. Mlo unaofuata rudi kwenye matonge yako. Kipimo kitumie hapo: saa mbili tangu ulipoanza kula, pima. Kwa watu wazima wengi wenye kisukari tunataka chini ya 10 muda huo, na kabla ya kula kati ya 4.4 na 7.2. Najua vijiti vya kupimia vina gharama, kwa hiyo ukiacha kile cha kabla ya kuendesha, chagua mlo mmoja tu wa kupima kila siku ya safari, tena uwe ule usiouelewa. Andika kwenye simu: mji, chakula, namba. Baada ya safari mbili tatu utakuwa na orodha yako mwenyewe ya milo inayokufaa, na ukiileta kliniki itatusaidia kuliko kipimo kimoja cha asubuhi.

Mkeo naye ana nafasi yake hata kama haendi nawe. Akufungie karanga za kukaanga bila sukari, korosho kidogo (korosho zina wanga zaidi ya karanga, kwa hiyo kiganja kisijae), dagaa wakavu wa kukaanga wenye ndimu na pilipili, matango mawili na parachichi lisiloiva sana ili liwe tayari siku ya pili. Mayai ya kuchemsha yabebwe na maganda yake na yaliwe asubuhi hiyohiyo, maana joto la ndani ya gari huyaharibu haraka. Ya siku zinazofuata utanunua njiani. Dawa na vijiti vya kipimo navyo visikae kwenye dashibodi. Viweke kwenye begi, chini ya kiti, mbali na jua.